Carthage kwa macho ya fundi bomba: anzia juu, fuata maji

Ukienda Carthage, mji wa kale kando ya Tunis, nchini Tunisia, ukitegemea kuona mji, utarudi umenuna. Mji haupo. Kuna nguzo moja ndefu kando ya bahari, vyumba visivyo na paa, mawe yaliyolala kwenye majani, na kati ya gofu hili na lile kuna nyumba za matajiri zenye kuta nyeupe na mabogenvilia yaliyomwagika ukutani. Jirani yangu wa Tanga nilipomwonyesha picha aliniuliza, "Yaani umepanda ndege mbili kwenda kutazama msingi?" Nikamwambia ndiyo, na hata ya tatu ningepanda.

Mimi ni fundi bomba mstaafu. Kwa miaka 31 nimelaza mabomba, nimefukua mabomba, nimetukanwa na watu walioamka bila maji. Binti yangu anasoma Tunis, yuko mwaka wa nne, na Februari hii alinitumia tiketi akasema, "Baba, njoo upumzike." Nilikaa siku 12. Carthage niliiendea mara mbili, kwa sababu siku ya kwanza niliiharibu mwenyewe.

Kosa la kwanza lilikuwa teksi. Dereva alisema mita imekufa, akatutoza dinari 30 kwa safari ambayo baadaye tuliifanya kwa treni kwa pungufu ya dinari moja. Treni yenyewe wanaiita TGM (Tunis, La Goulette, La Marsa), inaanzia Tunis Marine, mwisho wa barabara kuu ya Habib Bourguiba, na njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1872. Inapita juu ya tuta jembamba lililokata ziwa la Tunis katikati, maji kushoto na maji kulia, na vijana wameizuia milango isifunge kwa miguu yao ili wapate upepo. Aliyezoea kuning'inia daladala za Chumbageni atajisikia yuko kwao. Uwe macho na jambo moja: stesheni zenye jina la Carthage ni 6, kuanzia Carthage Salammbo hadi Carthage Amilcar. Ukimwambia mtu "nashuka Carthage" atakuuliza ipi. Kwa magofu mengi shuka Carthage Hannibal.

Tiketi nililipa dinari 12, na hiyo moja inakuingiza sehemu kadhaa kwa siku hiyo hiyo. Usiitupe, kila lango wataitaka. Na usishtuke ukiambiwa bei dukani ni "elfu kumi na mbili". Dinari moja ni milimu 1000, na watu wa mtaani wanahesabu kwa milimu. Mimi sikushtuka hata kidogo, nilidhani wananitajia shilingi.

Kosa la pili ndilo kubwa: tulianzia chini, baharini, kama watalii wote. Langoni alitusogelea bwana mmoja mwenye koti la ngozi, akasema yeye ni kiongozi. Alitaka dinari 50. Binti yangu akamshusha hadi 30 kwa Kiarabu cha mtaani ambacho sikujua kama anacho. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Bwana yule alikuwa mcheshi, akiniita "ya Haj" kila sentensi (sijahiji, lakini sikumsahihisha). Shida yake ilikuwa Hannibal, jemadari wa Carthage ya kabla ya Warumi. Kila tulipofika pa maana alirudi kwa Hannibal na tembo wake. Hannibal alivuka Alps, Hannibal aliitetemesha Roma. Sawa, lakini tulikuwa tumesimama kwenye mabafu ya Warumi, yaliyojengwa zaidi ya miaka 300 baada ya Hannibal kufa!

Akatupa na ile hadithi kwamba Warumi walipoubomoa mji mwaka 146 KK waliulima wakaumwagia chumvi usiote kitu. Kila mtu anaipenda hadithi hiyo, ila hakuna mwandishi wa zama zile aliyeiandika. Imezuka karne nyingi baadaye. Mimi nimekulia karibu na mashamba ya chumvi. Najua jasho la kujaza gunia moja, na sidhani kuna jemadari angemwaga shehena nzima juu ya kifusi.

Kilichonitoa uvumilivu ni pale alipotushusha kwenye vyumba vya chini vyenye matao mazito, akasema kwa fahari kwamba hapa ndipo Warumi walipokuwa wakioga. Nikatazama juu, nikatazama chini. Hakuna mahali pa kukaa. Mwanga ni wa kubahatisha. Upana wa njia ni wa mtu na mzigo wake. Nikamwambia binti yangu, "Mwambie hapa hakuoga mtu. Hapa palikuwa petu, pa mafundi." Akasema, "Baba, jamani," lakini alitafsiri. Bwana akacheka, akanishika bega, akasema ya Haj amesema kweli. Kisha akarudi kwa tembo.

Nieleze hapa kidogo, maana wengi wanapita bila kuambiwa. Mabafu ya Antoninus yalijengwa kati ya mwaka 145 na 162, kuanzia enzi ya Kaizari Antoninus Pius, na yalikuwa miongoni mwa makubwa kabisa katika dola yote ya Kirumi. Kawaida bafu la Kirumi lina chini yake: matanuri, njia za watumwa, stoo za kuni, mifereji ya majitaka. Lakini pale bahari iko hatua chache. Ukichimba unakutana na maji. Basi wale mafundi wakaijenga ile "chini" juu ya ardhi, halafu wakayapandisha mabafu yenyewe juu yake, ghorofani. Ghorofa hiyo imekwenda. Yote unayotembea ndani yake leo, yote watu wanayopigia picha wakisema "bafu la Kirumi", ni chini ya uvungu. Ni sawa na mtu aingie chini ya lori halafu aseme ameona kiti cha dereva.

Ndiyo maana ile nguzo moja inafaa uitazame kwa muda. Wameisimamisha upya, ya mawe ya kijivu, karibu mita 15, na taji lake jeupe juu. Inakuonyesha ukumbi wa maji baridi ulikuwa mrefu kiasi gani. Nilisimama chini yake nikahesabu ghorofa tano za siku hizi. Jiweke kichwani nguzo kama hiyo nyingi, na paa juu yake, na maji ndani, na dirishani bahari ya buluu na mlima Bou Kornine wenye vilele viwili ng'ambo ya ghuba. Vyumba vya moto vilipata joto kwa hewa iliyopita chini ya sakafu, sakafu ikiwa imebebwa na vijiguzo vifupi vya matofali, kisha hewa hiyo ikapanda ndani ya kuta. Mimi nimefunga hita za maji za umeme mahoteli mengi tu, na sijawahi kupasha joto ukuta.

Tahadhari: Ikulu ya Rais wa Tunisia iko ubavuni mwa mabafu. Usielekeze simu upande ule. Mimi nilikuwa nalenga mfereji wa kutolea maji, nimeinama kabisa, nikasikia mluzi. Askari akaja, akaomba aone picha. Akaona mfereji. Picha iliyofuata, mfereji. Ya tatu, mfereji kwa karibu. Akanitazama kwa huruma fulani, akanirudishia simu.

Baada ya hapo tulipanda kilima na upepo wa Februari usoni, magoti yakaanza kulalamika, na tulipofika juu sikuwa na hamu ya kitu ila chai. Siku ya kwanza ikaishia hapo.

Siku ya pili tuliondoka mapema, wawili tu, na nikamwambia binti yangu leo tunatembea kama maji yalivyotembea: juu kwenda chini. Kutoka stesheni tulipanda moja kwa moja, nusu saa kwa miguu ya mzee, hadi La Malga. Watalii wa mabasi hatukuwaona. Tuliwakuta kondoo wachache, mvulana mmoja na mbwa wake, na maua ya njano yaliyoota kila mahali baada ya mvua.

La Malga ni mabirika. Natumia neno hilo makusudi, maana watu wa bara wakisikia birika wanafikiria chai. Sisi wa mwambao tunajua birika pia ni lile la mawe la msikitini, la kutawadhia. Ukienda Kilwa utayaona kwenye magofu ya misikiti. Sasa chukua birika hilo, ulirefushe hadi karibu mita 100, ulifunike kwa tao la mawe, kisha uyapange 15 bega kwa bega. Hayo ndiyo ya La Malga. Mapaa mengine yameporomoka, mengine yamesimama hadi leo, na kwa muda mrefu wanakijiji waliishi humo na mifugo yao, maana nyumba kama hiyo ungejenga lini?

Nilikaa pale saa mbili. Binti yangu alisoma kitabu chake chote cha mtihani amekaa juu ya jiwe. Niliweka kiganja kwenye ukuta wa ndani, pale ambapo lipu imebaki. Ina rangi ya waridi. Ni chokaa iliyochanganywa na vigae na vyungu vilivyosagwa, na mchanganyiko huo haupitishi maji. Lipu ya karne na karne, haijabanduka. Kuna tangi moja la zege nililisimamia mwenyewe, sitalitaja liko wapi, nimeziba nyufa zake mara nne kabla sijastaafu.

Maji yalitoka milima ya Zaghouan, kusini, kwa mfereji wa kama kilomita 132 ukifuata mikunjo ya ardhi, mahali pengine chini ya udongo na mahali pengine juu ya matao marefu; baadhi ya matao hayo bado yamesimama na unaweza kuyaona ukiwa kwenye gari kuelekea huko. Ni kazi ya karne ya 2. Mwandishi mmoja wa kale anasimulia kwamba Kaizari Hadrian alipokuja Afrika mwaka 128 mvua ilinyesha baada ya ukame wa miaka mitano. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mvua ya mgeni haitoshi mji mkubwa, na huenda ndiyo sababu wakaamua kuleta maji ya kudumu.

Kwetu maji ya Tanga yanatoka bwawa la Mabayani, na kuyafikisha mjini kuna pampu, na pampu ikizima tunajua wote. Hawa hawakuwa na pampu. Walikuwa na mteremko peke yake. Kwa umbali ule, mteremko ukizidi maji yanakula mfereji, ukipungua yanalala. Pimamaji yao ilikuwa benchi refu la mbao lenye mfereji mdogo wa maji juu yake na timazi zinazoning'inia pembeni. Nimelaza bomba la kilomita 6 nikiwa na vifaa vya kisasa, na mahali pawili nilipata hewa imenasa. Sitaki kusema zaidi.

Mfereji huo una historia ya kuumizwa na kuponywa. Gelimer, mfalme wa Wavandali (watu wa Ulaya walioutawala mji baada ya Warumi), aliukata mwaka 533 alipotaka kuwabana waliomnyang'anya mji. Karne ya 13 Sultani al-Mustansir wa ukoo wa Hafsi akautengeneza upate kunywesha Tunis. Karne ya 19 ukatengenezwa tena. Niambie bomba gani la siku hizi litatafutiwa vipuri baada ya miaka elfu moja.

Kutoka La Malga tulikwenda hadi kilima cha Byrsa. Hapa ndipo hadithi inasema Elissa, malkia aliyekimbia kutoka Tiro, mji wa pwani ya Lebanon ya leo, mwaka 814 KK, aliomba ardhi ya kutosha kufunikwa na ngozi moja ya ng'ombe, akaikata ngozi kuwa uzi mwembamba akazungushia kilima kizima. Tapeli mkubwa, na nampenda. Juu kuna kanisa kubwa la Wafaransa la mwaka 1890, la kumkumbuka mfalme wao Louis IX aliyefia hapa mwaka 1270 akiwa katika vita vya msalaba. Wengi wanasema aliuawa na kuhara. Yaani maji machafu, tena ndani ya mji uliokuwa na mabirika yale! Jengo la makumbusho la hapo juu limekuwa kwenye ukarabati kwa miaka kadhaa, kwa hiyo ulizia kabla. Kwa picha za vijiwe sakafuni nenda jumba la Bardo, mjini Tunis, utashiba.

Cha kutazama Byrsa kiko ubavuni mwa kilima: mtaa wa Wapuni, yaani watu wa Carthage kabla ya Warumi, wenyewe kabisa, wa enzi ya Hannibal. Nyumba ndogo zilizobanana, vichochoro vyembamba kama vya mji wa kale Mombasa, na chini ya nyumba kuna birika lake refu jembamba la kukusanyia mvua kutoka paani. Mtaa huu umepona kwa ajabu. Warumi walipojenga upya, enzi ya Kaizari Augusto, walisawazisha kilele cha kilima na kifusi wakakisukumia pembeni, kikaufunika mtaa mzima, ukalala humo hadi wachimbaji wa karne ya 20. Binti yangu alichungulia birika moja akasema, "Mbona ni kama la mama mwenye nyumba?" Kweli. Anapopanga, ndani ya medina, mji mkongwe wa Tunis, chini ya ua kuna birika, wanaliita majel, lina kifuniko cha marumaru, na yule mama bado anateka maji ya mvua ya kufulia. Anasema nguo zinakuwa laini.

Sehemu nyingine nitazipita haraka. Bandari za Wapuni ni madimbwi mawili ya kupendeza katikati ya majumba. Lile la duara ndilo lililokuwa la manowari, na Appian, mwandishi wa historia wa kale, aliandika kwamba lilichukua meli 220. Ukisimama pale ni vigumu kuamini, lakini kaa kidogo, hesabu mzunguko. Tophet, makaburi ya watoto wachanga waliochomwa, ni padogo, pana unyevu, na wataalamu hawajaacha kubishana kama walitolewa sadaka au walikufa kwa maradhi. Binti yangu hakutaka kukaa. Ukumbi wa maonyesho umekarabatiwa sana. Ni mzuri kwa tamasha kuliko kwa fundi.

Wauza sarafu: watakujia na kiganja kilichokunjwa, wafungue taratibu, "Hannibal, ya Haj, ya kweli." Ile kutu ya kijani naijua. Ni ya asidi, wiki moja tu. Na ingekuwa ya kweli ingekuwa kosa kuondoka nayo nchini. Ama chakula, mkahawa mmoja karibu na magofu ulitupa samaki mmoja kwa dinari 70 na mkate wa jana. Usile pale juu. Panda treni vituo viwili vitatu hadi Sidi Bou Said ule bambalouni, andazi lenye tundu, la moto, lililopakwa sukari. Au rudi mjini ule lablabi: mkate uliovunjwavunjwa, supu ya dengu kubwa, bizari, mafuta ya zeituni, na harissa ya kumtoa mtu machozi. Bakuli moja nililala nayo hadi asubuhi.

Tuliishia mabafuni tena, saa kumi jioni, tukiwa tumefuata maji hadi baharini, na safari hii sikuhitaji kiongozi. Paka watano walikuwa wamelala juu ya jiwe moja lenye jua.

Nyota: nampa Carthage nne. Moja naizuia, kwa sababu mtu asiye fundi na asiye na binti wa kumsomea Kifaransa atatoka hajui ameona nini. Beba maji, viatu vya kushika, na koti ukienda Februari.

Na kama ni Mwislamu, malizia Ijumaa. Tulikwenda kusali msikiti wa Zaituna, katikati ya medina ya Tunis. Nilipoingia ukumbini nilisahau kidogo nilichofuata. Nguzo tupu, msitu wa nguzo, hii nyeupe, ile ya kijivu, nyingine ina mishipa ya kijani. Zimetolewa Carthage. Waarabu walipouteka mji ule mwaka 698 hawakuujenga tena, walijenga Tunis, na mawe yakahama. Nilijiweka safu ya nyuma karibu na moja. Ilikuwa fupi kidogo kuliko jirani yake, na juu ya taji fundi alikuwa ameongeza kipande cha jiwe ili zilingane. Nikawa nalitazama kipande hicho hadi imamu akapanda mimbari.